Jibu la dakika mbili: namna daktari wa familia anavyotafuta na kupima taarifa za tiba

"Dokta, wewe huwa unaangalia wapi?"

Kila kundi jipya la madaktari likiingia kituoni swali hili linarudi. Wengine huniuliza tukinywa chai, wengine huniuliza kwa macho tu mgonjwa akiwa amekaa hapo mbele yetu. Nimechoka kulijibu vipandevipande, kwa hiyo leo naliandika lote.

Kwanza elewa tatizo lenyewe. Mwaka 1999 jarida la BMJ lilichapa utafiti wa madaktari wa familia 103 wa jimbo la Iowa, Marekani. Watafiti walikaa nao kliniki wakiandika kila swali lililowajia wakiwa kazini, yakafika 1,101. Asilimia 64 ya maswali hayo hayakufuatiliwa palepale. Yaliyofuatiliwa, daktari alitumia chini ya dakika 2 kwa wastani kutafuta jibu. Hao ni watu wenye maktaba na umeme usiokatika. Wewe una foleni hadi mlangoni na bando linaloisha kesho.

Ndani ya dakika 2 huwezi kutafuta chanzo, kukipima na kukisoma. Unaweza kukisoma tu. Kwa hiyo kazi ya kupima vyanzo ifanye Jumamosi, umetulia, ili Jumatatu mgonjwa akiwa mbele yako ubakiwe na kufungua ukurasa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu yenye nafasi. Futa video za harusi.
- Mwongozo wa taifa wa tiba na orodha ya dawa muhimu, umeupakua kwenye simu. Tanzania ni STG/NEMLIT, toleo la 2021. Ukiwa Kenya, chukua miongozo ya Wizara ya Afya ya huko, pamoja na kile kitabu kidogo cha itifaki za watoto kinachoingia mfukoni mwa koti.
- Programu ya miongozo ya MSF, Madaktari Wasio na Mipaka. Ni ya bure, na ukishaipakua inasomeka bila mtandao. Imeandikwa kwa watu wanaofanya kazi mahali ambapo maabara ni hadubini moja na mtaalamu mmoja.
- Mwongozo wa malaria wa WHO, Shirika la Afya Duniani. Huu usiutegemee kwenye karatasi, kwa sababu vipengele vyake hurekebishwa kimoja kimoja bila kungoja toleo jipya la kitabu.
- Njia ya kuingia Hinari. Ni mpango wa WHO ulioanza mwaka 2002 unaofungulia nchi za kipato cha chini majarida ya kulipia, bure au kwa bei ndogo. Huandikishwa taasisi, si mtu binafsi, kwa hiyo anza kwa mkutubi wa chuo chako au wa hospitali kubwa iliyo jirani.
- Namba ya mfamasia asiyekasirika akipigiwa.
- Daftari dogo. Simu nayo ina mahali pa kuandika, lakini ukiifungua kuandika swali utakutana na ujumbe kumi.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kugusa simu

Nikupe kisa kimoja tuende nacho mpaka mwisho. Mama ana homa ya siku mbili, kipimo cha haraka cha malaria kimesoma chanya. Namuuliza siku zake. "Mara ya mwisho kuziona ilikuwa wiki ya Idi." Nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani: wiki 9. Anakula, anatembea, hatapiki, hana dalili ya hatari.

Anayeanza huandika "malaria na ujauzito", kisha anapewa kurasa milioni. Swali lililonolewa lina vipande vinne: mgonjwa ni nani, unataka kumpa nini, unalinganisha na nini, unatafuta tokeo gani. Hapa: mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza mwenye malaria isiyo kali, dawa ya mseto (ALu, yaani artemether-lumefantrine), dhidi ya kwinini, je, mama atapona na mimba itabaki salama?

Kipande cha nne ndicho watu husahau. Usipoandika tokeo unalolitafuta, utaridhika na tokeo lolote utakalopewa.

Hatua ya 2: Fungua vyanzo kwa mpangilio, usianzie Google

Mpangilio wangu ni huu: mwongozo wa taifa, WHO, MSF, na mwisho, kama nina njia ya kuingia, vitabu vya mtandaoni vya kulipia kama UpToDate. Makala za utafiti sizigusi mgonjwa akiwa amekaa. Hapo naona vijana wengi wanapotea: mgonjwa anasubiri, wao wako kwenye muhtasari wa utafiti wa panya.

Ninaanza na mwongozo wa taifa kwa sababu unajua dawa gani ziko kwenye rafu zetu, na ukija kuulizwa kwa nini ulitoa dawa fulani, ndio utakaosimama nawe. Sianzi nao kwa sababu eti haukosei.

Hatua ya 3: Soma mwaka kabla ya kusoma jibu

Rudi kwa mama wa wiki 9. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kwinini siku 7, pamoja na klindamaisini ikipatikana, kwa kuwa dawa za jamii ya artemisinini, ambayo mojawapo imo ndani ya ALu, zilihofiwa katika miezi mitatu ya kwanza. Novemba 2022 WHO ilibadilisha: mseto wa ALu ndio unaopendekezwa kwa malaria isiyo kali katika kipindi hicho. Sasa fikiri. Kitabu chochote kilichochapwa kabla ya mwezi huo, hata kiwe na jalada zuri na sahihi ya nani, hakiwezi kuwa na badiliko hili. Hicho cha 2021 kilichomo kwenye simu yako ni kimojawapo.

Kwa hiyo mazoea yawe haya: ukifungua ukurasa, jicho liende kwanza kwenye tarehe. Ukurasa usio na tarehe ufunge. Sijali unasema nini.

Ukikuta mapendekezo ya WHO, angalia pia maneno mawili yaliyoandikwa pembeni: nguvu ya pendekezo na uhakika wa ushahidi. Uhakika una ngazi nne, yaani juu, wastani, chini na chini sana. Pendekezo la ALu limepewa nguvu kamili juu ya ushahidi wa uhakika wa chini. Anayeanza hushtuka: inakuwaje? Inakuwa hivyo kwa sababu wanawake wa mimba changa huachwa nje ya majaribio ya dawa, hivyo ushahidi uliopo ni wa kuwafuatilia waliokwisha kuzitumia, wengi wao bila kujua wana mimba. Waandishi wa mwongozo walipima hilo upande mmoja, na upande wa pili wakaweka kwinini: vidonge vya wiki nzima, masikio yanavuma, wengi hawamalizi dozi. Ukishaelewa mizani hiyo, unaweza kumweleza mama mwenyewe.

Hatua ya 4: Dozi isome mara mbili, kwenye vyanzo viwili

Hapa nina aibu yangu. Miaka ya mwanzo nilitumia jedwali la dozi za watoto nililolipata kwenye kundi la WhatsApp. Lilikuwa picha ya ukurasa wa kitabu, kidole gumba cha aliyepiga kimefunika pembe ya juu. Nikaandika dawa ya maji, mara tatu kwa siku. Baada ya robo saa simu ikaita, mfamasia. "Dokta, hii uliyoandika ni ya dozi moja au ya siku nzima?" Chini ya kidole gumba palikuwa pameandikwa kwamba kiwango kile ni cha siku nzima, kigawanywe mara tatu. Nilikuwa nimemwandikia mtoto mara tatu ya anachostahili. Chupa ilikuwa bado mkononi mwa mfamasia.

Tangu siku hiyo sichukui dozi kwenye picha iliyokatwa, hata akiituma profesa. Nataka ukurasa mzima, wenye jina la kitabu na mwaka.

Onyo hilohilo liende kwa programu za akili bandia mnazozipenda. Zinaandika vizuri, na ndiyo hatari yake. Zinaweza kukutungia rejea yenye jina la jarida, mwaka na namba za kurasa, ukienda kuitafuta haipo. Mimi nazitumia kwa kazi moja: kuniambia maneno ya kitaalamu ya Kiingereza nitakayoandika ninapotafuta. Dozi siziulizi.

Hatua ya 5: Lililobaki liende daftarini

Dakika 2 zimeisha na jibu halijatulia? Fanya lililo salama kwa leo, andika swali daftarini na vipande vyake vinne, mwite mgonjwa anayefuata. Jumamosi ingia PubMed, hazina ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, ambayo ni ya bure kwa kila mtu.

Andika maneno machache yaliyotoka kwenye swali lako, mfano "malaria first trimester artemether-lumefantrine". Huna haja ya viunganishi, yenyewe inatafuta makala zenye maneno yote. Kisha tumia vichujio vya upande wa kushoto: chagua kwanza mapitio ya kimfumo, na makala zinazosomeka bure. Mapitio ya kimfumo maana yake mtu amekwisha kuzikusanya tafiti zote za swali hilo na kuzipepeta kama mchele. Ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaoandaa mapitio ya namna hii, ndiyo ninayoanza nayo, na muhtasari wake wa lugha nyepesi mara nyingi unatosha.

Ukipata makala 400, swali lako ni pana. Ukipata sifuri, punguza neno moja moja mpaka zianze kuja.

Hatua ya 6: Pima makala kabla ya kuiamini

Usianzie kwenye hitimisho. Hitimisho ni mahali mwandishi anapojipongeza. Mimi huuliza maswali manne, kwa mpangilio huu.

*Wagonjwa hawa ni wa nani?* Mwaka 2011 lilitoka jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 waliofika hospitali wakiwa na homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Vitabu tulivyosomea, vilivyoandikwa kwa hospitali zenye chumba cha mahututi, vilisema watoto wa namna hiyo wamiminiwe maji ya dripu kwa kasi. Waliomiminiwa walikufa zaidi: asilimia 10.5 hivi ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 ya wale ambao hawakumiminiwa. Ukisoma makala ya Ulaya inayokuambia ufanye hiki na kile, jiulize yule mtoto wao na huyu wako wa Muheza wanafanana kwa lipi.

Lakini FEAST hiyohiyo watu wanaitumia vibaya. Watoto wenye kuharisha kwa upungufu wa maji hawakuwemo kwenye jaribio. Wenye utapiamlo mkali hawakuwemo. Nimewahi kumsikia kijana akikataa kumwekea dripu mtoto aliyekauka kwa kuharisha, eti "utafiti umekataza". Utafiti haukumhusu mtoto yule. Kwa hiyo tafuta orodha ya walioachwa nje kwa bidii ileile unayotafuta orodha ya walioingizwa.

*Tokeo lililopimwa mgonjwa analijali?* Miaka ya 1980 wagonjwa waliopata shambulio la moyo walipewa dawa za kutuliza mapigo yanayorukaruka. Karatasi ya ECG, kipimo cha mapigo ya moyo, ilinyooka, kila mtu akafurahi. Mwaka 1989 jaribio la CAST likaonyesha kwamba waliopewa flekainidi na enkainidi walikufa zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mgonjwa hakuja kwako kunyoosha karatasi. Makala ikisema dawa "imeboresha viashiria", uliza: je, wanaishi zaidi, wanaumwa kidogo, wanatembea?

*Namba zinasema nini zikivuliwa koti?* Mwaka 2010 jarida la Lancet lilitoa jaribio la sindano ya artesuneti dhidi ya kwinini kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Walifariki asilimia 8.5 upande wa artesuneti, 10.9 upande wa kwinini. Ukisema vifo vimepungua kwa asilimia 22.5, ni kweli. Ukisema kati ya watoto 100 wamepona zaidi wawili au watatu, ni kweli pia, na hii ya pili ndiyo unayoweza kuibeba kichwani: ukiwatibu watoto 41 hivi kwa artesuneti badala ya kwinini, mmoja zaidi anarudi nyumbani. Kwa ugonjwa unaoua mtoto mmoja kati ya kumi, hilo ni jambo kubwa. Asilimia 22.5 hiyohiyo kwa ugonjwa unaompata mtu mmoja kati ya 10,000 haikununulii hata nauli. Muuzaji wa kampuni ya dawa akija na karatasi yenye "inapunguza kwa asilimia 50", mwulize: kutoka ngapi kwenda ngapi? Kalamu zake pokea ukitaka, mimi siku hizi sipokei.

*Nani amelipa, na makala bado imesimama?* Mlipaji huandikwa mwishoni, kwa herufi ndogo. Kampuni kulipia utafiti hakuufanyi uwe wa uongo, lakini nasoma kwa miwani nyingine. Kuhusu kusimama: tarehe 22 Mei 2020 Lancet ilichapa makala iliyodai kuchambua taarifa za wagonjwa 96,000 wa korona kutoka hospitali 671 duniani, ikisema hidroksiklorokwini inaongeza vifo. Ndani ya siku chache WHO ilisitisha kwa muda dawa hiyo kwenye majaribio yake. Tarehe 4 Juni makala ikafutwa: kampuni iliyodai kuwa na taarifa hizo ilikataa kuzitoa zikaguliwe. Makala iliyofutwa PubMed huiwekea alama wazi juu ya jina lake. PDF iliyokaa kwenye simu yako tangu mwaka jana haina alama yoyote.

Hatua ya 7: Funga hesabu na mgonjwa

Kwa mama wa wiki 9, WHO ya 2022 ilikuwa upande mmoja, kitabu changu cha 2021 upande mwingine. Sikuamua kwa ushujaa. Nilimpigia mratibu wa malaria wa wilaya kuuliza kama kuna waraka mpya. Alijibu kwa sentensi moja, nikaandika dawa, nikamweleza mama nilichompa na sababu, nikamwambia arudi siku ya tatu. Kisha nikaandika daftarini: swali, jibu, chanzo, mwaka. Mistari minne. Swali hilohilo lilirudi baada ya wiki tatu likachukua sekunde 20.

Ukikwama

*Mtandao umekata.* Ndiyo maana tulipakua Jumamosi. Kama hukupakua, piga simu kwa mfamasia.

*Makala imefungwa, inadai dola 40.* Usilipe. Jaribu Hinari, halafu PubMed Central, hazina ya makala kamili zinazosomeka bure, halafu mwandikie mwandishi barua pepe ya mistari mitatu; anwani yake iko kwenye makala, na wengi hufurahi kuombwa. Muhtasari peke yake usiutumie kubadilisha tiba.

*Miongozo miwili inagombana.* Linganisha miaka kwanza. Ikiwa ya karibu, angalia imeandikwa kwa ajili ya mahali gani: bakteria wa London na wa hapa hawajasoma shule moja, usugu wa dawa unatofautiana. Ikibaki kugombana, fuata ya taifa na uulize ngazi ya juu. Kwenye faili andika umefuata ipi.

*Jarida hulijui na limekuomba makala kwa barua pepe ya kukusifu.* "Mheshimiwa profesa mashuhuri", nawe umemaliza intani mwaka jana. Hilo ni jarida la kuvuna ada. Usichapishe humo, na ukikuta humo jibu la swali lako, tafuta lingine.

*Unataka kuuliza kundi la WhatsApp.* Uliza, wenzio wana uzoefu. Ila jibu lichukulie kama fununu ya mahali pa kutafuta, na picha ya mgonjwa isionyeshe sura, jina wala namba ya faili. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, Kenya tangu 2019.

*Mgonjwa amekuja na sauti aliyotumiwa, inasema mseto unaharibu mimba.* Usimcheke. Isikilizeni pamoja. Mara nyingi ni ushauri wa zamani uliokuwa sahihi wakati wake, kama huo wa mseto. Mwonyeshe tarehe kwenye mwongozo kwa kidole, kwenye simu yako, aione mwenyewe.

*Umetafuta kote, jibu halipo.* Hutokea, hasa kwa wajawazito, wazee na wenye magonjwa matatu kwa pamoja. Mwambie mgonjwa hivyohivyo, "bado natafuta hili", mpigie bingwa wa hospitali ya mkoa, mwandikie tarehe ya kurudi kwenye kadi yake, na ule ukurasa wa daftari ukunje pembe.